Uvimbe Chini ya Ngozi: Mwongozo wa FNA kwa Wanaochukua Sampuli na Kutuma Slaidi Moshi

Kwenye zahanati na vituo vya afya vinavyouzunguka Mlima Kilimanjaro, kuanzia Rombo mpaka Siha, uvimbe chini ya ngozi huitwa jipu, tezi au "mafuta tu", na jina likishatajwa matibabu hulifuata. Mara nyingi tunapatia. Uvimbe usio wa saratani kwenye tishu laini, yaani mafuta, misuli, kano, neva na mishipa, ni mwingi kuliko sarkoma, saratani ya tishu hizo, kwa zaidi ya mara mia. Lakini sarkoma nayo huanza kama kinundu kisichouma, na mwenye nacho huja kliniki akitembea na kupiga soga kama wenzake wote kwenye benchi.

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na mafundi sanifu maabara wanaochukua seli kwa sindano nyembamba, kipimo tunachokiita FNA, halafu wanazituma slaidi mjini Moshi zikasomwe. Msimamo wangu niuseme mapema: jibu la "si saratani" lina thamani pale tu linapolingana na maelezo ya mgonjwa na kile vidole vyako vilichokishika. Yasipolingana, itilie shaka sindano kwanza. Huenda haikuingia kwenye uvimbe.

Hatua ya kwanza: uliza, kisha shika

Mzee amekaa, kofia mkononi, kinundu kikubwa kama limau nyuma ya shingo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja hiki kitu kikatwe."

"Kilianza lini?"

"Ah, siku nyingi. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa hajaanza shule."

"Na sasa hivi yuko wapi huyo mjukuu?"

"Kidato cha tatu."

Hapo umepata karibu miaka kumi, na hukumlazimisha babu kutaja mwaka. Wengi hawakumbuki tarehe ila matukio wanayakumbuka vizuri. Uliza kama Krismasi iliyopita, ndugu walipopanda kutoka Dar, waliuona na walisema nini. Uliza kama wakati wa kuvuna kahawa ulikuwa saizi hii au mdogo. Majibu hayo ndiyo yanayokwambia kasi ya kukua, na kasi ni nusu ya utambuzi. Ila usiitumie peke yake. Kuna sarkoma ya sinovia ambayo kwa vijana hukaa karibu na kifundo cha mguu au goti miaka kadhaa, ndogo, ikikua polepole, na kila anayeishika anasema haina neno. Kwa upande mwingine kuna uvimbe unaofura ndani ya wiki tatu na hauna saratani hata kidogo. Tutaufikia huko chini.

Uliza pia kama umewahi kukatwa ukarudi, kama kuna vinundu vingine mwilini, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama anajua hali yake ya VVU. Huku kwetu ongeza moja: anakula kitimoto, na je, amewahi kupata degedege au kifafa ukubwani? Minyoo ya tegu ya nguruwe ipo Kaskazini, na vifuko vyake hukaa chini ya ngozi vikajifanya uvimbe wa kawaida.

Sasa shika. Pima kwa rula au tepu na uandike sentimita. "Kama yai" haimsaidii msomaji, kwani hajui kama ni yai la kienyeji au la bata. Mwambie akaze msuli ulio chini ya uvimbe. Ukiendelea kuchezacheza juu ya msuli uliokazwa, uko kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Ukikwama au ukipotea, uko ndani ya msuli au chini ya fashia, ule utando unaoufunika msuli, na hilo linabadilisha kila kitu. Tafuta tundu dogo jeusi juu ya ngozi: hilo ni la kifuko cha ngozi chenye keratini, ambacho wengi hukiita lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, kimakosa. Gongagonga kwa ncha ya kidole. Ganzi au shoti ikikimbia kuelekea vidoleni, fikiria neva. Kwenye kifundo cha mkono, washa tochi ya simu ukiibandika ubavuni mwa uvimbe. Gangilioni, kifuko chenye ute, hupitisha mwanga.

Mgonjwa wa kutuma rufaa bila kuchokonoa ni huyu: uvimbe umezidi sentimita 5, au uko chini ya fashia, au unakua, au umeanza kuuma bila sababu, au ulikatwa ukarudi. Moja tu kati ya hayo inatosha. Huyu anahitaji utrasaundi au MRI kwanza, na sampuli ni vizuri ikachukuliwe kule kule atakakofanyiwa upasuaji. Hospitali ya KCMC, Moshi, inapokea rufaa za kanda ya Kaskazini tangu 1971, na kutoka vituo vingi vya mkoani ni safari ya asubuhi moja. Kosa linaloumiza zaidi kwenye fani hii ni kuchana sarkoma ya paja kwenye chumba cha upasuaji mdogo ukidhani ni mafuta. Unaacha seli kwenye kila tabaka ulilopitia, na mpasuaji atakayefuata analazimika kukata kipande kikubwa zaidi, pengine mguu.

Ambao sindano isiwaguse

Uvimbe unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, au unaobonyea ukiuminya na kujaa tena polepole ukiuachia. Uvimbe wa kinena unaotuna mgonjwa akikohoa, maana huo ni utumbo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mtoto mchanga, chochote kilichoko kwenye mstari wa kati, iwe mgongoni, kisogoni au kwenye mzizi wa pua: kinaweza kuwa kimeungana na ubongo au uti wa mgongo. Ngozi yenye usaha juu ya uvimbe. Mgonjwa wa himofilia, ambaye damu yake haigandi vizuri, au anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye kipimo chake cha damu hakijaangaliwa. Keloidi, lile kovu linalovimba, nayo iache. Utambuzi wake uko machoni, na kovu jipya la sindano linaweza kuzaa keloidi nyingine.

Vifaa

Havizidi vilivyopo kituoni. Sindano za geji 23, zile zenye kitako cha bluu, na 25, zenye kitako cha chungwa. Geji 22 yenye kitako cheusi iwepo kwa uvimbe mgumu. Ya kijani, 21, ni ya majimaji mazito kama ya gangilioni. Kwa uvimbe wenyewe inaleta damu nyingi kuliko seli. Bomba la mililita 10. Slaidi zenye upande wa kuandikia, angalau sita. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi na slaidi zitafika Moshi hazina mwenyewe. Kopo la alkoholi ya asilimia 95. Spiriti, pamba, glavu, plasta na boksi la sindano zilizotumika, likiwa karibu kiasi cha kulifikia bila kupiga hatua.

Andika majina kwenye slaidi zote kabla ya kuchoma. Ukishatoa sindano una sekunde chache tu, na hutazitumia kutafuta penseli.

Kumwandaa mgonjwa

Wagonjwa wengi wamesikia kwamba uvimbe wa saratani ukiguswa na kisu au sindano unasambaa. Usiwacheke. Wamemwona jirani aliyechelewa, akakatwa, akafa baada ya miezi michache, na kisu ndicho kilichoonekana. Waambie ukweli ulivyo: kwa sindano nyembamba kiasi hiki, seli kusambaa kwenye njia ya sindano ni jambo la nadra sana, na kubaki bila kujua uvimbe ni wa aina gani kuna hatari kubwa zaidi. Mweleze atasikia mchomo kama wa kutolewa damu, mara mbili au tatu, na kwamba safari nyingine seli hazitoshi na itabidi kurudia. Hilo la mwisho ukilisema mapema, mama aliyepanda Noah mbili kutoka Tarakea hatakuona tapeli akiitwa tena.

Ganzi kwa kawaida haihitajiki. Ukiidunga, kinundu kidogo kinapotelea ndani ya maji ya dawa, na seli nazo huvimba.

Kuchoma

Wa kwanza kuandika kwa upana juu ya kufyonza uvimbe kwa sindano ni Martin na Ellis wa New York, mwaka 1930, wakitumia sindano nene ya geji 18. Waliokuja baadaye, hasa Waswidi, waliipunguza unene, na katika miaka ya 1980 Zajdela na wenzake wa Paris wakaonyesha kwamba mara nyingi hata kuvuta si lazima. Mimi nashauri uanzie hapo pa Zajdela, bila kuvuta.

Safisha ngozi, uiache ikauke. Spiriti mbichi ikiingia na sindano huharibu seli. Ubane uvimbe kwa vidole viwili vya mkono usiotumia, kwa nguvu kiasi cha kuuzuia usiteleze, lakini vidole vyenyewe visikae kwenye njia ya ncha. Shika sindano tupu, bila bomba, kama unavyoshika kalamu. Ingiza moja kwa moja katikati ya kinundu. Utahisi: mafuta ni laini kama hakuna kitu, uvimbe wenye nyuzinyuzi unakataa kidogo, gangilioni inaachia ghafla. Kile ulichokihisi kiandike kwenye fomu, kwa sababu msomaji wa slaidi hatakihisi kamwe.

Ikiwa ndani, ipeleke mbele na nyuma haraka, mara kumi hadi kumi na tano, ukibadilisha pembe kidogo bila kutoka nje ya ngozi. Seli hukatwa na ncha na kupanda zenyewe. Damu ikionekana kwenye kitako, toka hapo hapo. Ukiendelea unapata kipimo cha damu.

Mchomo wa kwanza ukileta kidogo, wa pili funga bomba. Vuta mpini mililita 2 hadi 5, fanya mwendo ule ule wa mbele na nyuma, kisha achia mpini urudi taratibu kabla ya kuitoa sindano. Hapa ndipo wengi huharibu: wakitoka huku wamevuta, sampuli yote huruka ndani ya bomba na haitoki tena. Kwenye uvimbe mkubwa kidogo, chukua ukingoni na si katikati peke yake, maana katikati pengine pana seli zilizokufa tu.

Mgonjwa akishtuka na kusema shoti imekimbia mpaka kwenye vidole, simama. Usirudie pale pale. Umegusa uvimbe wa neva, na kilio chake ni taarifa kubwa kuliko slaidi mbili zijazo; iandike kwa maneno yake.

Bandika pamba, mwambie mgonjwa mwenyewe abonyeze dakika tatu mpaka tano. Sindano usiirudishie kifuniko. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, na anza dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72.

Kupaka slaidi, mahali sampuli nyingi zinapofia

Ningekuwa na uwezo wa kuwabadilisha watu kitu kimoja tu, ningeanzia hapa. Mkono uliochoma vizuri unaweza kuua kazi yote ndani ya sekunde kumi.

Chomoa sindano, jaza bomba hewa, rudisha sindano. Gusisha ncha kwenye slaidi, karibu na upande ulioandikwa jina, mdomo wa ncha ukiangalia chini. Sukuma tone moja dogo. Usipulizie kutoka juu. Utapata madoa mia yaliyokauka kila moja kivyake. Laza slaidi ya pili juu ya tone, uzito wake wenyewe ulitandaze, halafu zivute zipishane kwa mwendo mmoja laini. Ukikandamiza, viini vya seli vinapasuka na kuwa nyuzi za zambarau ambazo hakuna atakayezisoma. Tone likiwa na vipande vinene, bonyeza kidogo sana kabla ya kuvuta, basi.

Itazame slaidi kwa macho yako kabla ya kufanya kingine chochote. Matone yanayong'aa kama mafuta ya kupikia na yanayogoma kukauka ni mafuta: lipoma, au mafuta ya kawaida uliyoyapitia njiani. Ute mzito unaovutika, kutoka kifundo cha mkono, ni gangilioni. Uji mweupe unaonuka ni keratini. Kitu kama jibini, hasa shingoni au kwapani, ni kifua kikuu mpaka kikataliwe. Tenga sampuli ya GeneXpert na ya rangi ya Ziehl-Neelsen. Maji maangavu yenye punje nyeupe, kwenye kinundu kidogo kilichochongoka kama punje ya mchele, yakukumbushe lile swali la kitimoto.

Na ute kutoka pajani? Huo si wa gangilioni. Kuna uvimbe wa ndani ya msuli wenye ute usio na saratani, na kuna sarkoma mbili tatu zenye ute unaofanana nao kabisa. Mpe mgonjwa rufaa.

Gawa slaidi. Nusu ziingie kwenye alkoholi papo hapo, zikiwa bado mbichi; ukihesabu mpaka kumi umeshachelewa. Nusu nyingine zikauke hewani, na zikauke upesi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Moshi ina unyevu na slaidi hukaa mbichi muda mrefu, seli zikivimba na kupauka. Zipeperushe kwa mkono au tumia feni ndogo. Usiziweke juani, wala juu ya taa.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye mabango ya ukutani. Slaidi zilizokaushwa hewani zisisafirishwe boksi moja na kopo la formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama. Mvuke wake unapenya hata kifuniko kilichofungwa, na slaidi zikifika zinachukua rangi ya kijani-bluu iliyofifia isiyosomeka. Kipande cha nyama kwenye formalini kisafiri kwenye mfuko wake, slaidi kwenye mfuko wao.

Rangi

Za hewani hupakwa Giemsa, ile ile ya malaria iliyopo kila maabara: methanoli dakika chache, kisha Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika kama 15. Penye vipande vinene ongeza muda. Za alkoholi hupakwa Papanikolau au hematoksilini na eosini, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika mjini. Giemsa inaonyesha vizuri kilichoko kati ya seli, ute na nyuzi, kwa zambarau na waridi kali. Alkoholi inaonyesha kiini. Ndiyo maana tunaomba zote mbili.

Kama una hadubini, paka Giemsa slaidi moja tu mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Swali lako si "ni nini?" bali "seli zipo?". Hazipo, mrudishe ndani umchome tena, kuliko kumwita wiki ijayo.

Kinachoonekana kwenye hadubini

Lipoma ndiyo ya mara nyingi. Utaona vipande vya seli kubwa, tupu, kuta nyembamba, kiini kidogo kilichosukumwa pembeni. Shida ni kwamba mafuta ya kawaida ya mgongoni yanafanana nayo kabisa, na hakuna msomaji anayeweza kuyatofautisha. Mpatholojia akiandika "mafuta komavu, yanalingana na lipoma", ameyaamini maelezo yako kwamba sindano ilikuwa ndani ya uvimbe. Kinundu kikiwa kigumu kama mpira na jibu likaja mafuta, sindano ilipita kando. Rudia. Mafuta yenye viini vikubwa vyeusi vilivyopinda, kutoka uvimbe wa ndani ya paja, ni habari nyingine kabisa na hayamalizwi kwa FNA.

Yule babu wa nyuma ya shingo anastahili neno lake. Kwa mwanamume mtu mzima, kwenye kisogo, shingo ya nyuma au mabega, kuna aina ya lipoma yenye seli ndefu zilizochongoka ncha mbili. Slaidi inakuja na mafuta machache, seli hizo zimelala pamoja, kamba nene za kolajeni, na seli za masti hapa na pale. Asiyejua umri na mahali anaweza kuogopa zile seli ndefu. Anayejua anaandika jibu kwa utulivu, na babu anakatwa kwa ganzi ya kawaida.

Shwanoma, uvimbe wa ala ya neva, hutoka kwa vipande vizima vilivyoshikamana, viini vyembamba vilivyopinda, mahali pengine vimejipanga safu mbili zikitazamana huku katikati pakiwa patupu. Ikizeeka, viini vyake vingine vinakuwa vikubwa na vya ajabu bila kuwa saratani. Nyurofibroma hutoa seli chache zaidi. Mgonjwa mwenye vinundu vingi na mabaka ya rangi ya kahawa mwilini ana ugonjwa wa kurithi, nyurofibromatosi, na kwake kinundu kimoja kinachoanza kukua au kuuma kuliko vingine hakisubiri.

Ninachokipenda kuliko vyote, na kinachopeleka watu wengi kisuni bure, ni fasiaitisi ya vinundu. Kijana wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, kinundu cha sentimita 2 kwenye kigasha cha mkono, kimetokea ndani ya wiki tatu, kinauma kidogo. Slaidi imejaa: seli nono zenye mikia, viini vikubwa, nyingine zinagawanyika mbele ya macho yako, ute nyuma yake. Inatisha. Lakini viini vyote vinafanana, chembe zake ni laini, na hakuna mgawanyiko wenye umbo la ajabu. Tangu 2011 inajulikana kwamba seli hizi zina jeni iitwayo USP6 iliyokatika na kuungana na nyingine. Zinakua kwa muda, halafu zinaacha. Umri, mahali, ukubwa na muda vikilingana, jibu sahihi ni kumrudisha baada ya wiki nne hadi sita na kupima tena kwa rula. Mara nyingi kimenywea, pengine kimepotea. Kisiponywea, au kikikua, kinatolewa. Lakini utambuzi huu haupaswi kuandikwa na mtu aliyepewa slaidi bila maelezo. Bila yale ya wiki tatu, jina linalomjia ni sarkoma.

Vingine kwa haraka. Kwenye kidole cha mkono, kinundu kigumu kilichoshikamana na kano, chenye seli jitu za viini vingi na chembe za kahawia za chuma, ni uvimbe wa seli jitu wa ala ya kano. Hemanjioma hutoa damu tu, na jibu litakuwa "haitoshi". Utrasaundi itakusaidia zaidi. Ukuta wa tumbo wa mama aliyejifungua hivi karibuni, uvimbe mgumu kama ubao na sindano ikileta seli chache, fikiria dezmoidi: hausambai mwilini lakini unachimba jirani zake, kwa hiyo si wa kukatwa kwenye chumba kidogo. Mgonjwa wa VVU mwenye seli ndefu ndani ya damu nyingi, kagua ngozi na kinywa chake kwa saratani ya Kaposi kabla ya kuandika kingine.

Kuandika jibu

Mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa saitolojia, yaani usomaji wa seli, ya tishu laini una makundi sita: sampuli haitoshi, si saratani, kuna mabadiliko yasiyo ya kawaida, uvimbe ambao tabia yake haijulikani, inashukiwa saratani, ni saratani. Yatumie hata ukiandika kwa Kiswahili. Usichanganye la kwanza na la pili. "Hakuna seli za saratani zilizoonekana" kwenye slaidi ya damu tupu ni sentensi ya kweli, na ni hatari, kwa sababu mgonjwa akifika nyumbani anasema ameambiwa hana saratani.

Kwa mikono yenye uzoefu FNA hutenganisha saratani na isiyo saratani kwenye tishu laini kwa usahihi unaopita asilimia 90. Kutaja aina kamili ni kugumu zaidi, na si aibu kuandika "uvimbe wa seli ndefu, hauna dalili za saratani, utolewe mzima na upimwe". Mpasuaji anahitaji hilo kuliko jina la kubahatisha.

Baada ya jibu

Lipoma ndogo isiyoumiza wala kukua inaweza kukaa ilipo. Mgonjwa akitaka itolewe kwa sababu inagusana na kamba ya ndoo au kola ya shati, hiyo ni sababu ya kutosha. Kila kinachotolewa kiende maabara, hata kama FNA ilishasema, kwenye formalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande. Nimewasikia wanaosema kipimo hicho ni gharama ya bure kwa mafuta. Gharama ya bure ni kufungua paja mara ya pili.

Anayebaki na uvimbe wake mpe masharti kwa maneno anayoweza kumweleza mwenzake nyumbani: arudi uvimbe ukiongezeka urefu au upana kwa nusu ya kidole gumba kulinganisha na leo, ukianza kuuma usiku, ukikaza usisogee. Mpige picha eneo hilo kwa simu yake mwenyewe, rula ikiwa pembeni, ili miezi mitatu baadaye mbishane na picha na si kumbukumbu. Chukua namba mbili za simu, yake na ya mtoto wake au jirani. Laini za wazee hubadilika kila wajukuu wanapozitumia.

Slaidi usizitupe zikishasomwa. Ziandikwe kwenye rejesta, namba ya slaidi, jina, mahali pa uvimbe na sentimita, zikae kabatini kwa mpangilio wa mwaka. Mgonjwa akirudi na uvimbe ulioongezeka, kitu cha kwanza mpatholojia atakachoomba ni zile za zamani, aziweke kando ya mpya.